Shajara ya mradi: Maradhi ya kuambukiza Finsbury, London, 1901–1919

Januari

Kazi imeanza rasmi. Tunakusanya idadi za wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza katika wilaya ya Finsbury, katikati ya London, kuanzia 1901 hadi 1919, na kuziweka kwenye kanzidata moja iliyo wazi kwa yeyote atakayeihitaji. Chanzo chetu kikuu ni ripoti za mwaka za afisa afya wa wilaya. Huyu alikuwa daktari aliyeajiriwa na baraza, na kila mwaka alipaswa kulieleza baraza hilo watoto wangapi wamezaliwa, watu wangapi wamekufa na kwa maradhi gani, nyumba zipi zimekaguliwa, maziwa ya dukani yako katika hali gani, na ugonjwa gani umezuka mtaa upi. Ripoti za London zimehifadhika vizuri. Maelfu yake, za tangu 1848 hadi 1972, zimepigwa picha na maktaba ya Wellcome na kuwekwa mtandaoni bila malipo.

Finsbury tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza udogo wake: ekari 587, haifiki maili moja ya mraba, ila sensa ya 1901 ilihesabu humo watu 101,463. Kulikuwa na mafundi saa na wachapaji wa Clerkenwell, mtaa uliomo ndani ya wilaya, kulikuwa na Waitaliano, na familia nyingi zililala zote katika chumba kimoja au viwili. Sababu ya pili ni mtu. Wilaya ilipoundwa mwaka 1900, pamoja na nyingine 27 za London, afisa afya wake wa kwanza alikuwa George Newman, mwanabakteriolojia aliyekaa kazini hapo hadi 1907 na ambaye baadaye, 1919 hadi 1935, alikuwa daktari mkuu wa Wizara ya Afya. Newman hakujaza majedwali tu. Alieleza amezipataje namba zake, na kwa kazi kama yetu maelezo hayo yana thamani kuliko namba zenyewe.

Kwa sasa tunapanga muundo: kila safumlalo ni ugonjwa mmoja kwa mwaka mmoja, na pale ripoti inaporuhusu, kwa mtaa mmoja na kundi moja la umri.

Februari

Kabla ya kuingiza namba yoyote tumesoma sheria, kwa sababu sheria ndiyo iliyoamua nini kihesabiwe.

Msingi ni Sheria ya Kutoa Taarifa za Maradhi ya Kuambukiza ya 1889. London ililazimika kuifuata tangu mwanzo. Miji mingine ilipewa hiari, hadi sheria nyingine ya 1899 ilipoieneza England na Wales nzima. Orodha yake ilikuwa na ndui, kipindupindu, dondakoo, erisipela (uambukizo wa ngozi), homa nyekundu (ile inayoanza na koo kisha vipele vinaenea mwilini), taifasi inayoletwa na chawa, homa ya matumbo, homa ya uzazi, na homa chache nyingine. Tauni iliongezwa mwaka 1900.

Angalia kilichoachwa. Surua haimo. Kifaduro hakimo. Kuhara kwa watoto wachanga, kulikoua kwa wingi kila kiangazi chenye joto kali, hakumo. Kifua kikuu hakimo. Katika muongo wa kwanza wa karne ile, surua na kifaduro, kila kimoja peke yake, kiliua watu wengi zaidi ya homa nyekundu katika England na Wales, na karibu wote walikuwa watoto wadogo. Lakini homa nyekundu ina jedwali la kurasa nzima, kwa mitaa na kwa miezi, na surua ina mstari mmoja katika orodha ya vifo.

Wakati ule walikuwa na hoja yao. Surua huambukiza kabla vipele havijatokea, kwa hiyo taarifa ya daktari humkuta mtoto ameshawapa wenzake darasani. Na wagonjwa wangekuwa wengi kuliko vitanda vyote vya jiji. Hoja ina uzito wake. Hata hivyo anayefungua kanzidata yetu na kuona surua ina sifuri mwaka 1905 lazima ajue kwamba sifuri ile si afya. Kwa hiyo tumeamua: ugonjwa usiokuwa katika orodha ya sheria mwaka husika hauandikiwi sifuri wala hauachiwi nafasi tupu. Unaandikiwa «haukuhesabiwa».

Machi

Mwezi huu wote umekwenda katika kufuatilia safari ya cheti kimoja, tangu mtoto anapougua hadi anapokuwa namba. Naieleza kwa urefu kwa sababu kila hatua ina mahali pa kupotelea.

Mtoto anapata homa na koo linauma. Sheria inamtaka mkuu wa familia atoe taarifa mara anapojua kwamba ugonjwa ni wa orodha, asipokuwepo, ndugu wa karibu waliomo ndani, wasipokuwepo, anayemuuguza, na wote wakikosekana, mwenye kukaa nyumba ile. Kwa hakika waliotoa taarifa karibu siku zote walikuwa madaktari. Daktari alijaza cheti chenye jina, anwani na ugonjwa, akakipeleka kwa afisa afya. Kwa kila cheti cha mgonjwa wake binafsi alilipwa shilingi 2 na peni 6. Mgonjwa akiwa amemhudumia kwa wadhifa wake katika taasisi ya umma, kama daktari wa maskini, ada ilikuwa shilingi 1. Asiyetoa taarifa aliweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 40.

Cheti kikifika, saa zinaanza kuhesabiwa. Sheria ya Afya ya Umma ya London ya 1891 ilimpa afisa afya saa 12 kupeleka nakala kwa Metropolitan Asylums Board, bodi iliyoendesha hospitali za homa za jiji zima, na kwa mwalimu mkuu wa shule anayosoma mgonjwa. Ndani ya muda huo gari la wagonjwa la bodi huenda limeshafika mlangoni. Mtoto wa Finsbury alipelekwa Homerton, au Hampstead, au Tottenham, au mbali zaidi kusini ya mto. Mkaguzi wa wilaya alifika nyumbani kuuliza: maziwa mnanunua kwa nani, mtoto mwingine anasoma wapi, choo kikoje, nani kati yenu anashona nguo za watu. Kisha matandiko yalichukuliwa kwenye mashine ya mvuke, chumba kikafukizwa moshi wa salfa au kusafishwa kwa fomalini, na karatasi za ukutani zikabanduliwa. Wilaya ilitakiwa iwe hata na nyumba ya kuihifadhi familia wakati chumba chao kinasafishwa, maana wengi hawakuwa na chumba cha pili cha kuhamia.

Swali la maziwa halikuwa la desturi tu. Wakaguzi walijua kwamba homa nyekundu, dondakoo na homa ya matumbo huweza kusafiri ndani ya debe la muuza maziwa, na njia ya kuligundua debe hilo ilikuwa kuziorodhesha nyumba zenye wagonjwa na kutazama kama zinanunua mahali pamoja. Ripoti inapotaja chanzo cha maziwa tunakiingiza katika safuwima yake, ingawa safuwima hiyo itabaki na mapengo mengi.

Baada ya hapo mtoto wa homa nyekundu alikaa hospitali yapata wiki sita au zaidi, kwa imani kwamba ngozi inayobanduka ndiyo inayoambukiza. Chanzo cha ugonjwa kilikuwa hakijathibitishwa. Bakteria wa streptokoki walikuja kuthibitishwa katika miaka ya 1920. Ndiyo maana madaktari walisumbuka na jambo walilolishuhudia mara kwa mara: mtoto anarudi nyumbani akiwa mzima, ngozi safi, na siku chache baadaye mdogo wake anaugua. Leo tunaelewa kwamba koo na pua vilibaki na vijidudu. Tumewawekea wagonjwa hawa alama maalumu kila ripoti inapowataja, kwa sababu tunataka kuona nyumba zile zile zikirudi.

Aprili

Tumempelekea majedwali ya mwanzo Mama mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye kwa miaka mingi alijaza fomu za kila wiki za magonjwa ya mlipuko katika kituo cha afya huku Tanzania. Alivaa miwani, akapitisha kidole safuwima baada ya safuwima bila kusema neno, kisha akauliza: «Mwanangu, na wale ambao hawakuitiwa daktari, mmewaandika wapi?»

Swali hilo limebadilisha mpangilio wetu. Cheti kilihitaji daktari, na daktari alihitaji kuitwa. Fundi mwenye kibarua cha siku alipima kwanza: homa hii ni ya kulipia, au ya kungojea? Wengine walinunua dawa kwa muuza dawa. Wengine walipeleka mtoto hospitali za hisani za jiji, ambako aliwekwa kwenye foleni na wenzake. Ukali wa ugonjwa nao ulichuja: ndui haifichiki, ila homa nyekundu nyepesi hupita kama mafua na vipele vya siku mbili. Kwa hiyo namba ya homa nyekundu ikipanda, inawezekana ugonjwa umeongezeka, na inawezekana vilevile kwamba walimu wamezinduka na kuwarudisha watoto nyumbani kwa masharti ya kuonwa na daktari.

Vyeti vingine, kwa upande wa pili, vilikuwa vya watu wasio na ugonjwa ule. Daktari wa mtaani aliyemtazama mtoto kwenye mwanga wa mshumaa aliweza kuandika dondakoo, na hospitali ikakuta ni koo la kawaida. Bodi ya hospitali iliwahesabu waliopokelewa kwa utambuzi usio sahihi. Kuna ripoti zinazotoa idadi ya vyeti peke yake, na kuna zinazoondoa waliokataliwa hospitalini. Tunaweka zote mbili, «waliotangazwa» na «waliothibitishwa», na hatuzijumlishi kamwe.

Mei

Mgogoro wa idadi ya watu. Sensa ya 31 Machi 1901 inasema 101,463. Sensa ya 2 Aprili 1911 inasema 87,923. Finsbury ilipungua kwa watu 13,540 katika miaka kumi, kwani nyumba zilibomolewa kupisha maghala, karakana na barabara, na waliomudu nauli ya tramu na treni walihamia pembezoni.

Hili linagusa kila kiwango tunachokokotoa. Chukua wagonjwa 300, namba ya mfano tu: ukigawanya kwa watu wa 1901 unapata 2.96 kwa kila watu 1,000. Kwa watu wa 1911 unapata 3.41. Wagonjwa ni wale wale. Makadirio ya kati ya sensa mbili yalijengwa juu ya mwenendo wa muongo uliotangulia, na sensa mpya ilipotoka yalibidi kusahihishwa. Sisi tunakokotoa upya viwango vyote kwa kupunguza watu hatua kwa hatua kati ya sensa hizo, na tunahifadhi kiwango kilichochapishwa kando yake. Atakayetaka kujua Newman aliamini nini mwaka 1906 anakihitaji kile cha zamani.

Wiki nazo zina vurugu yake. Takwimu za London zilifungwa kila Jumamosi, na mwaka wa hesabu ulikuwa wa wiki 52 au 53. Mwaka wa wiki 53 unaonekana umezidi wagonjwa wakati umezidi siku saba. Tumeongeza safuwima ya idadi ya wiki.

Juni

Ndui ya 1901 na 1902. Hapa data ni nzuri na inaumiza kuisoma.

Ugonjwa ulianza kusambaa London katikati ya 1901 na ukaendelea hadi kiangazi cha 1902. Wagonjwa hawakupelekwa hospitali za homa za mjini. Walichukuliwa hadi gati za mto Thames, wakapandishwa mashua za wagonjwa, na kuteremshwa mto hadi Long Reach, karibu na Dartford, ambako bodi ilikuwa na meli tatu zilizotia nanga kama hospitali: Atlas, Endymion na Castalia. Mbili za kwanza zilikuwa meli za kivita zilizostaafu. Mwaka 1903 hospitali ya nchi kavu ya Joyce Green ilifunguliwa jirani, na meli zikauzwa mwaka uliofuata.

Mtu wa Finsbury aliyefia Long Reach alifia nje ya London kabisa. Tukihesabu vifo kwa mahali vilipotokea, Finsbury itaonekana ndui iliipitia mbali. Ripoti zinamrudisha marehemu kwenye wilaya aliyoishi, na tumekagua mstari kwa mstari kuhakikisha hivyo, kwa ndui na kwa waliofia Homerton na kwingineko. Kwa nchi nzima, utaratibu wa kuvihamishia vifo kwenye makazi ya marehemu ulianza kufuatwa na ofisi ya Msajili Mkuu wa vizazi na vifo mwaka 1911, kwa hiyo anayetaka kulinganisha Finsbury na mji wa mkoani kabla ya hapo awe mwangalifu sana.

Mwaka 1902 London ililazimisha tetekuwanga itolewe taarifa kwa muda. Sababu haikuwa tetekuwanga yenyewe. Ndui nyepesi kwa mtu aliyechanjwa utotoni hufanana nayo, na njia pekee ya kuzinasa ndui zilizojificha ilikuwa kumtuma mtaalamu akawatazame wote wenye malengelenge. Kwenye grafu yetu tetekuwanga inachomoza mara moja na kutoweka. Bila maelezo pembeni, mtu atadhani kulikuwa na mlipuko.

Agosti

Julai ilikuwa ya kuhakiki maandishi tu. Programu ya kusoma picha inachanganya 3 na 8, na inazifanya nukta za sehemu tupu kuwa namba. Kila jedwali linasomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha tunalinganisha jumla za safumlalo na safuwima na zile zilizochapwa chini ya jedwali.

Sasa dondakoo, na hapa nina furaha ya kuandika. Dawa ya kuzima sumu ya dondakoo, iliyotengenezwa kwa damu ya farasi, ilianza kutumika katika hospitali za bodi mwaka 1894. Kabla yake karibu wagonjwa 3 kati ya 10 waliolazwa humo kwa dondakoo walikufa. Kufikia karibu na 1910 ilikuwa chini ya 1 kati ya 10. Sehemu ya mteremko huo ni hesabu: vipimo vya maabara vilianza kuwatambua wagonjwa wepesi ambao zamani wasingeitwa wa dondakoo, na wagonjwa wepesi wakiongezeka, uwiano wa vifo hushuka wenyewe. Lakini angalia vifo kwa idadi ya watu, sio kwa idadi ya wagonjwa, na bado vinashuka. Watoto walipona kwa kweli. Muuguzi wetu, aliyewahi kumwona mtoto akikabwa na dondakoo, alipoiona grafu hii aliomba tuichape apeleke kwa wajukuu zake.

Septemba

Tumefika mahali sheria inapoanza kupanuka, na mistari ya grafu inaruka kila kanuni mpya inapoingia.

Kifua kikuu kiliingia kwa ngazi: wagonjwa wa maskini wanaohudumiwa na umma tangu 1 Januari 1909, wa hospitali mwaka 1911, kifua kikuu cha mapafu kwa watu wote tangu 1 Januari 1912, na aina zote tangu Februari 1913. Miaka ya mwanzo ilikusanya pamoja walioanza kuugua juzi na waliokuwa wakikohoa miaka mingi. Septemba 1912 ziliongezwa, kwa nchi nzima, polio na homa ya uti wa mgongo. Surua hatimaye ilikubaliwa tangu 1 Januari 1916, na ikaondolewa tena mwisho wa 1919. Miaka minne tu! Kwa miaka hiyo minne tutaweza kusema watoto wangapi waliugua surua Finsbury na wangapi kati yao walikufa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya kanzidata itakayowafaa watafiti kuliko zote. Lakini ni miaka ya vita, madaktari wengi wako jeshini, na mwaka 1916 ada ya cheti iliteremshwa kutoka shilingi 2 na peni 6 hadi shilingi 1.

Kwa hiyo kanzidata sasa ina jedwali la pili, linalohusu kanuni: ugonjwa, tarehe ya kuanza kuhesabiwa, tarehe ya kukoma, nani alitakiwa kutoa taarifa, na ada. Kila namba ya wagonjwa imefungwa kwenye safumlalo mojawapo ya jedwali hilo, na mfumo hauruhusu kuipakua bila hilo. Mwenzetu mmoja aliona tunawasumbua watumiaji. Nimeshikilia msimamo, na ninaushikilia bado.

Tumekubaliana pia kuhusu faragha. Baadhi ya ripoti zinataja mtaa na namba ya nyumba, umri wa mgonjwa na kazi ya baba. Zaidi ya karne imepita na ripoti zenyewe ziko wazi, lakini kuziunganisha na sensa ili kupata majina ni kazi nyepesi, na kuna familia ambazo bado zinaishi maeneo hayo. Tunachapisha mtaa, hatuchapishi nyumba.

Kinachofuata ni 1918 na 1919. Mafua makuu yaliua takriban watu 200,000 England na Wales, na hayakuwa ugonjwa wa kutolewa taarifa. Nimonia iliyotokana na mafua iliingizwa kwenye orodha Machi 1919, wimbi la tatu likiwa limeshafika. Kwa Finsbury itabidi tutumie vifo vya kila wiki pekee, tuvilinganishe na wiki zile zile za miaka iliyotangulia. Yeyote mwenye uzoefu wa kukokotoa vifo vya ziada kwa maeneo yenye watu chini ya laki moja, tunamkaribisha. Majedwali ya 1913 hadi 1917 yatakuwa tayari kwanza, kwa kuwa bila hayo hakuna cha kulinganishia.